Pishi Tano Zilizobaki Chumbani kwa Zuleha

Mwaka umetimia, dada Zuleha, tangu homa ya siku tatu ikuondoe kwetu hapa Ngamiani, na bado watu wanapiga hodi kukuulizia.

Ulikuwa mtafiti wa historia ya uchumi, lakini ofisini hukukaa. Ulizunguka kuanzia Moa, Kigombe hadi Ushongo ukiazima pishi za mti, zile ambazo mabibi walipimia nafaka. Kwenye nyaraka za zamani posho ya vibarua imeandikwa kwa pishi, nawe ulijua pishi ya kijiji hiki si sawa na ya kijiji kile. "Nataka kujua kama walikuwa wanashiba," ulituambia, huku ukimimina mchele na kuupangusa kwa kiganja. Tukakutania kwamba Daktari wetu amesoma miaka yote hiyo aje kucheza kupikapika.

Kila mwenye pishi ulimwahidi kuirudisha kwa mkono wako mwenyewe. Jina lake uliliandika kwa chaki kwenye kitako cha chombo. Daftari lako lina vipimo vyote, majina hayamo.

Siku ya msiba wanawake walihitaji chumba chako. Mimi mdogo wako Yasini nikazitoa pishi uani, nikaona zina vumbi jeupe, nikazisugua zote kumi na moja kwa kumbi la nazi. Nilidhani nakuheshimu, kumbe nafuta majina. Nisamehe, dada.

Tangu hapo, kila siku baada ya alasiri, mchele unasikika ukimiminwa chumbani kwako. Nilisema ni panya. Nikafungua mlango, sakafu ni safi, pishi zimejipanga. Mama hashangai. Husimama mlangoni akauliza, "Bado tu wapima, mwanangu?" Mimi naogopa. Siku hizi saa hiyo sikai nyumbani.

Pishi sita zimerudi kwa wenyewe. Mzee Sele wa Kigombe alitia mkono ndani ya moja baada ya nyingine, ya nne akasita. "Hii. Hapa ndipo alipokuwa akishika mama, pamelika." Alasiri ile chumba kilikuwa kimya. Kesho yake mchele ukasikika tena.

Zimebaki tano, na moja ni ya Mama, uliyoitoa jikoni kwake. Tunamwambia achague, hataki.

"Nikikosea nitakuwa nimechukua amana ya mtu, na dhima imo shingoni mwa Zuleha."

Ijumaa hii baada ya alasiri tutakusomea hitma, na pishi zote tano zitakuwa barazani. Enyi mliomwazima Zuleha, tunawaomba mje, mtie mikono, mchukue zenu. Mama atachukua itakayobaki.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bi Mwatumu, mwanao Uweso, mimi Yasini, na majirani wote wa mtaa.

Hatutakusahau, dada, hata chumba kitakapokuwa kimya.