Mjomba Lyle Aukatae Ufunguo

Shamba la Ostrand,
Barabara ya Creamery,
Kaunti ya Stephenson, Illinois.
8 Novemba 2023

Mpendwa Shangazi Gretchen,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kusini kwenu. Hujambo? Goti lako linaendeleaje tangu lipasuliwe? Baba alisema sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nilifurahi, ingawa najua wewe husema hujambo hata ukiwa na homa. Mjomba Lyle hajambo? Na binamu Britt, chuo kinamwendeaje? Mwambie kitabu alichonitumia nimekimaliza na nimekianza tena upya.

Sisi huku ni wazima. Mahindi yameshavunwa, isipokuwa lile shamba la bondeni ambalo bado lina tope. Mama anaendelea na zamu zake hospitalini. Mdogo wangu Soren amerefuka hadi suruali zake zote zinaonyesha soksi. Babu hajambo, ila kifaa chake cha masikio hukivaa anapotaka, na hukivua mara tu Baba anapotaja daktari.

Shangazi, unajua mimi kwenye simu hukosa maneno. Isitoshe, simu ya jikoni huwekwa spika na kila mtu akasikia. Ndiyo maana nakuandikia, na nakuomba barua hii uisome ukiwa peke yako kwanza.

Bila shaka umesikia habari ya sheria mpya ya jimbo letu. Ile bunduki nyeusi ya Babu, ambayo Bibi alimnunulia wakati wale mbwa-mwitu wadogo, koyote, walipokuwa wakila ndama, ni mojawapo ya aina zilizopigwa marufuku. Aliyekuwa nayo tangu zamani anaruhusiwa kubaki nayo akiiandikisha kwa polisi wa jimbo kabla ya mwaka mpya. Asipotaka kuiandikisha, aiuze kwa muuzaji mwenye leseni au aitoe nje ya jimbo.

Babu hataki kuiandikisha. Anasema, "Jina langu wanalo kwenye kodi, wanalo kwenye leseni ya gari, na kwenye orodha ya marehemu wataliweka karibuni. Mara hii wasubiri." Kuiuza ndiyo hataki hata kusikia. Bibi mwenyewe alikuwa na shabaha kuliko yeye, na tangu afariki, Babu huisafisha kila Jumapili baada ya ibada hata kama haijatumika.

Mimi sijui nani ana haki katika jambo hili. Kuna msichana darasani kwetu ambaye binamu yake aliuawa kwa kupigwa risasi akiwa dukani. Anapozungumza, nakubaliana naye kabisa. Nikirudi nyumbani nikamkuta Babu ameketi na kitambaa chake cha mafuta, naona na yeye simpingi. Mwalimu wetu wa uraia anasema mtu lazima afikie uamuzi. Mimi bado sijafika.

Ninalolijua ni kwamba mwezi uliopita Babu alimtuma Soren amletee bomba nene la plastiki na vifuniko vyake viwili. Soren alifurahi kama aliyekabidhiwa siri ya serikali. Nilipomuuliza bomba ni la nini, alijibu, "La kuzikia bunduki. Chini ya banda la ndama. Usimwambie mtu, hasa wewe." Fikiria, Shangazi: mzee wa miaka themanini na moja ambaye hajawahi hata kuegesha gari vibaya, awe mhalifu, na mvulana wa miaka kumi na miwili awe msaidizi wake!

Nilimwambia Baba. Soren hakuzungumza nami kwa siku kadhaa, lakini bomba lilirudi ghalani. Hapo ndipo Baba alipopata wazo la kuileta bunduki kwenu Wisconsin, jimbo lisilo na sheria hii, tutakapokuja kuwinda kulungu. Babu alikubali siku hiyohiyo. Nilimwona mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jumapili iliyopita mlipopiga simu, Mjomba Lyle alisema, "Leteni tu, Mzee! Sanduku la chuma ninalo kwenye chumba cha chini. Ufunguo tutautundika msumarini jikoni, na bunduki ikichoka kukaa nitaitembeza kidogo." Wote walicheka. Mimi nilikuwa nimekwenda maktaba Jumamosi kusoma mambo haya, kwa hiyo sikuweza kucheka.

Nilichosoma ni hiki, na Baba alimpigia wakili mmoja mjini akathibitisha. Babu anaruhusiwa kuisafirisha bunduki yake hadi kwenu ikiwa haina risasi, imefungiwa kwenye buti ya gari, na risasi zimewekwa mbali nayo. Anaruhusiwa pia kuiweka nyumbani kwenu, maadamu inabaki mali yake na chini ya mamlaka yake. Lakini mtu wa jimbo moja haruhusiwi kumpa bunduki mtu wa jimbo jingine, hata awe mwanawe wa kumzaa, bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Kumwazima mtu kwa ajili ya kuwinda kwa muda kunakubalika. Kumwachia mwaka mzima pamoja na ufunguo, huko wakili alisema ni kama kumpa. Wangeingia makosani wote wawili, Babu na Mjomba.

Kwa hiyo sanduku liwe kwenu, na ufunguo uwe kwa Babu. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Nilidhani ni jambo dogo.

Jumatatu wakati wa chakula cha jioni nikalisema. Unajua mimi mezani husema "nipitishie chumvi" na kunyamaza, kwa hiyo walipoacha kula wakanitazama, masikio yangu yalipata moto. Babu aliweka uma chini.

"Haya, Wakili. Rudia."

Nikarudia.

"Yaani nikalale kwa Lyle, nile nyama yake, ninywe brandi yake, halafu asubuhi nimwambie, 'Mkwe wangu, asante kwa kila kitu, ila ufunguo sikuachii'? Si bora nimtemee mate?"

Baba akasema, "Lyle si mtu wa kununa, Mzee."

"Lyle? Lyle aliyenuna mwaka mzima kwa ajili ya kipande cha shati?"

"Lile shati lilikuwa la sufu, Mzee. Gretchen alikuwa amempa siku ileile."

"Alimkosa kulungu hatua ishirini! Anayekosa hukatwa shati, ndiyo desturi; ulitaka tumkatie nini, kucha?"

Mama alicheka hadi akakohoa. Hata Soren, aliyekuwa bado amenikasirikia, alicheka. Lakini Babu hakucheka muda mrefu. Alisema, "Katika nyumba yetu hakuna ufunguo uliowahi kufichwa ndugu. Sianzi leo." Kisha akatoa kifaa cha masikioni akakiweka kando ya sahani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nimelifikiria neno lake tangu siku hiyo. Ni kweli. Funguo zetu zote hutundikwa msumarini kando ya kalenda, na wa gari hukaa ndani ya gari. Kwenu ni vivyo hivyo. Watu wengine wakisoma sheria hii wataona habari ya kufuli tu. Babu anaona kwamba anaambiwa amtazame mume wa binti yake kama mwizi, tena chini ya paa la mkwe mwenyewe. Namjua, Shangazi. Akifika hapo na kumwona Mjomba amenyoosha mkono, atamkabidhi ufunguo kwa aibu tu, na hakuna wakili atakayemzuia. Au atageuza gari arudi nayo nyumbani, na bomba bado liko ghalani.

Babu hawezi kumnyima Mjomba Lyle ufunguo. Ila nadhani Mjomba anaweza kuukataa. Akisema yeye mwenyewe, mlangoni, kabla Babu hajavua hata koti, "Mzee, sanduku lipo, ila ufunguo kaa nao wewe, mimi sitaki kuushika," hakutakuwa na aliyetukanwa. Atakuwa amempa Babu heshima, na Babu hupokea heshima vizuri kuliko anavyopokea ushauri.

Najua namwomba Mjomba jambo zito. Yeye ndiye atakayekuwa mgeni wa sanduku lililo ndani ya nyumba yake mwenyewe, na sina njia ya kumwambia bila kumuumiza. Wewe unayo. Chagua wakati ambao ameshakula. Akiuliza wazo limetoka kwa nani, usinifiche, mwambie ni mimi. Na kama ataona ni bora Babu awape bunduki kabisa, wapitie kwa muuzaji mwenye leseni huko kwenu, hiyo pia ni halali. Lakini basi haitakuwa tena ile aliyopewa na Bibi, itakuwa yenu, na sidhani kama Babu yuko tayari.

Jana nilipotoka shuleni nilimkuta sebuleni akiifunga kwa blanketi la kijani. Nilidhani bado amenikasirikia, nikapita zangu. Akaniita.

"Wakili."

"Naam, Babu."

"Huko chini kwa shangazi yako, kuna unyevu?"

Nikamwambia sijui, lakini nitakuuliza. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaendelea kufunga.

Tutaondoka Ijumaa ya wiki ijayo alfajiri, kwa hiyo naomba unijibu mapema. Barua zako husomwa mezani kwa sauti, basi habari ya ufunguo usiiandike. Hiyo mwachie Mjomba mlangoni. Niandikie tu kama chumba chenu cha chini kina unyevu, nimsomee Babu.

Mama na Baba wanakusalimu sana. Soren anamsalimu Mjomba Lyle, na anauliza kama mbwa wenu Biscuit bado anaogopa theluji. Msalimie Britt, na Bibi Inga jirani yenu, mwambie mkate wake wa viazi hatujausahau. Mungu awalinde nyote, akulinde na wewe na hilo goti, na atufikishe salama mlangoni kwenu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nisiposema,

Linnea