Doa Lako Bado Linatembea

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa pacha wangu,

Hujambo huko kambini? Sisi hatujambo. Mama hajambo, miguu imepungua kuvimba, na sasa anakwenda dukani bila fimbo, kisha anarudi akililaumu jua kana kwamba limemtukana. Wewe unakula vizuri? Unalala? Mgongo unauma? Hilo la mgongo ndilo la kunijibu kwanza.

Barua hii nimempa dereva wa lori la mafuta kwa sababu simu yako haipatikani tangu ulipokwenda huko kupima barabara. Ukiona amemaliza kushusha mafuta na haondoki, usimfukuze, anakusubiri wewe. Ila maliza kusoma kabla hujapanda. Nakujua, utagombana naye njia nzima ukidai huumwi.

Unaikumbuka kazi yangu ya maabara, ya kulisha seli kwenye visahani. Kuna chumba kidogo cha hadubini kisicho na dirisha, na kamera inazipiga picha seli taratibu. Tukiziunganisha picha hizo tunapata filamu. Nilipokwambia kwamba seli zinatembea ulicheka, ukauliza zinavaa viatu gani.

Zinatembea, pacha. Ndani ya kila seli mna kiunzi cha nyuzi nyembamba ajabu. Upande wa mbele seli hujenga nyuzi mpya, nazo huusukuma ukuta wake utokeze kama ulimi. Ulimi ukishashika sakafu, nyuzi za nyuma hujivuta, mkia unabanduka, na vipande vya nyuzi zilizovunjika hupelekwa mbele kujengwa upya. Ni kama mtu anayeng'oa nguzo za hema nyuma na kuzichomeka mbele, huku mwenyewe yumo ndani. Hakuna mguu hata mmoja, nyumba yenyewe ndiyo inayokwenda.

Miezi michache iliyopita tuliletewa sampuli ya doa la ngozi. Sampuli kwetu huja bila majina ya wenyewe. Nyingine hukaa tu, lakini hii ilianza kutembea hata hatujaizoea, nasi tukaipa jina la utani, Mtalii. Asubuhi wa kwanza kuingia aliulizwa na wote, "Mtalii kafika wapi leo?" Tulimkwaruzia mstari mtupu katikati ya kisahani, na kesho yake tukakuta kaujaza wote. Tulipiga makofi. Hata mkuu wa maabara, ambaye hacheki ukimtekenya, alitabasamu.

Jambo moja sikumwambia mtu. Kila nikikaa mbele ya filamu ile, mgongo uliniwasha chini ya bega la kushoto. Nilibadilisha sabuni, nikabadilisha na koti. Nikitoka chumbani humo, muwasho unaisha.

Juzijuzi tukamwekea dawa inayovunja zile nyuzi. Seli zilirudisha ndimi zao ndani, zikajiviringa, zikatulia kabisa. Nikajikuta nimebana pumzi. Tulipoiosha dawa, zilikaa kidogo, kisha zikaanza kunyoosha ndimi tena, moja baada ya nyingine, na zote zikaelekea kulekule zilikokuwa zikienda mwanzo. Niliogopa, sikufichi. Nilitoka nikaoshe mikono, na mikono ilikuwa na glavu muda wote.

Alhamisi akaja daktari wa upasuaji kuona sampuli zake zinavyoendelea. Filamu ya Mtalii ilikuwa ukutani na mwanga wake ulinipiga usoni. Akasimama mlangoni, akanikazia macho.

"Dada, ulipotelea wapi? Tumekutafuta mpaka tumechoka!"

Nikamjibu kwamba hatujawahi kuonana. Hakunisikiliza.

"Si mimi niliyekutoa lile doa? Hebu geuka nilione kovu."

Niligeuka, pacha. Hata sasa sijui kwa nini nilimtii. Nikashusha koti begani, akatazama, akakuta ngozi safi. Nyuma yangu daktari ameduwaa, mbele yangu Mtalii anatambaa ukutani, na mgongo unaniwasha mahali pale pale.

Ndipo nikaelewa. Lile doa lako alilokuwa Mama akitufunua mashati kulitafuta, ajue nani kaoga na nani bado! Wewe ulituambia umepasuliwa jipu. Jipu! Ukabandika plasta, ukapanda gari, na majibu yakatoka ukiwa umeshafika kusiko na mtandao.

Daktari hakunizungusha. Doa lile ni saratani, na Mtalii ni kipande chake. Alichokiona alikikata, ila hajui kama seli zilikuwa hapo zote au kuna zilizokwisha kuanza safari. Anataka akate tena kwa upana na azipime tezi za kwapani. Alisema ukiwahi kuna matumaini mazuri. Ukichelewa, hakuahidi kitu. Nilimuuliza kuhusu ile dawa ya kisahani. Haifai, kwa kuwa seli zako njema nazo hutembea kwa nyuzi hizohizo zinapokwenda kuziba vidonda.

Nina hasira nawe, na hofu imeizidi hasira. Miezi yote hiyo nilikaa nawe chumba kimoja nikikupigia makofi, macho yangu yasikutambue. Mgongo wangu ulikuwa umeshakutambua.

Mama hajui lolote. Nimemwambia unakuja likizo, naye ameshafua mashuka yako na kuyafua tena. Anasema uje na nguo zako chafu zote. Shangazi anakusalimu sana. Mjomba, fundi saa, anakusalimu pia, na anaitaka saa yake uliyoondoka nayo. Mungu akufunike njia nzima, akulete mikononi mwetu ungali mzima.

Jana nilichungulia chumba kile kabla ya kufunga. Mtalii amefika ukingoni mwa kisahani. Hana pa kwenda, na bado ananyoosha ulimi, anapapasa ukuta. Yeye ana ukuta. Hao wengine, kama wamo mwilini mwako, hawana. Kunja barua, panda lori.

Wako wa tumbo moja, akupendaye na asiyejua kuishi peke yake,

Pacha wako mkubwa.