Upupu wa Shimo la Marwa

Bhoke mpwa wangu, marahaba hata kabla hujaniamkia. Nipo Nyangoto kwenye dhahabu, ambako mjomba wako hahitaji kutambulishwa kwa mtu.

Rafiki yangu Marwa alizungushia upupu mdomo wa shimo lake la dhahabu. "Mwizi akija, mura, atajikuna mpaka Sirari!" alicheka. Upupu ni ndugu wa maharage: unatambaa, una majani matatu matatu, maua ya zambarau yanayoning'inia, na maganda yenye manyoya ya kahawia. Maganda yakikauka, upepo hupeperusha manyoya hayo, na yakikugusa unawashwa. Nimeona tembo wa Serengeti akilia kwa kuwashwa, naapa.

Juzi shimo likamporomokea Marwa. Tulimsikia chini akiita, "Jamani, mko wapi?" Wenzangu walikimbilia shimoni, upupu ukawarudisha macho yamevimba. Mimi nikajipaka matope mwili mzima, nikaufyeka peke yangu kwa panga, nikateremka. Nilimkuta ameshanyamaza.

Leo tumemzika. Mama yake anatuuliza kwa nini tulichelewa.

Bhoke, Mungu akupe mali, na akuachie njia ambayo jirani anaweza kuipita mbio.

Mjomba wako, Chacha