Alama za Vidole Chini ya Bamba

Harkenbüttel, 17 Machi 1994

Kwa dada yangu Irmtraud,

Pokea salamu zangu, na nakuomba usiiweke kando barua hii kabla hujafika mwisho. Sisi huku hatujambo. Magoti yananisumbua kila baridi inaporudi, na mke wangu Hedda anasema nalalamika kupita kiasi, lakini yeye mwenyewe mzima kabisa na anakusalimu sana. Wewe je, moyo wako umetulia? Binamu Elfriede aliniambia wakati wa Krismasi kwamba umewekewa kifaa kifuani, na sasa unapanda ngazi zako za Lübeck bila kusimama njiani. Nilifurahi mno, ingawa niliona aibu kwamba habari za dada yangu wa tumbo moja naletewa na watu wengine. Miaka kumi na moja si mchezo.

Ninakuandikia kwa sababu ya kifaru chetu. Najua hata neno lenyewe linakuchefua, ila nivumilie.

Chama chetu cha wapenda historia ya mji bado kipo. Tuko wanachama kumi na saba, Brüggemann bado ndiye mwenyekiti, na mimi bado ndiye katibu. Vuli ya mwaka 1984, mwaka mmoja na nusu baada ya wewe kuacha kuja kwetu, tulikitoa kifaru cha vita kwenye kinamasi nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Kiliundwa kwenye kiwanda cha mjini kwetu, na kilikuwa kimezama humo tangu mwezi wa mwisho wa vita. Tumekitengeneza miaka tisa, Jumamosi hadi Jumamosi, na tarehe 8 Mei tunakifungulia watu waje wakione. Meya atakuwapo. Unatujua tulivyo: hata rangi ya kichwa cha skrubu lazima tuijadili, tuipigie kura kwa kunyoosha mikono, na kura ikishaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, basi, hiyo ndiyo historia.

Kazi kubwa ilikuwa lile rojo la Zimmerit. Kukueleza wewe habari za rojo hilo ni kituko, maana ulilipaka kiwandani kwa mikono yako ukiwa na miaka kumi na saba, mimi nikiwa mtoto wa kukusubiri mlangoni na kukuambia unanuka gundi. Lakini sisi wa chama tulilijua kwa vitabu tu: gundi, unga wa mbao na madini, likipakwa juu ya chuma ili bomu la sumaku lisishike. Na kitabu walichokiamini kuliko vyote ni changu. Nimeandika humo kwamba katika kiwanda cha mjini kwetu rojo lilichorwa kwa mwiko wa meno, yaani mwiko wa mwashi wenye ukingo wa msumeno, mistari iliyolala, iliyonyooka, yenye nafasi sawa. Watu wanaotengeneza vifaru vidogo vya plastiki mezani wananitumia picha kutoka pande zote za nchi, wakiniuliza kama mistari yao imekaa sawa. Ninawajibu kwa milimita. Mwaka juzi tulikipaka kifaru chetu upya kufuata ukurasa wangu wa arobaini na mbili. Kura kumi na nne kwa tatu.

Sasa sikia kilichotokea Jumamosi iliyopita. Tuna mwanachama mpya anaitwa Swantje, msichana anayefanya kazi kwa daktari wa meno. Tulimpa kazi ya kusafisha bamba la upande wa kushoto lililoshikilia koleo, ambalo halijawahi kufunguliwa kwa sababu boliti zake zilikuwa zimeganda kwa kutu. Akaja na vyuma vyake vya kuchokonolea meno, vile vyembamba vyenye ncha. Brüggemann, ambaye hawezi kumwacha mtu afanye kazi kimya, akamwambia amwombe kwanza mgonjwa afungue kinywa. Swantje akamjibu kwamba mgonjwa huyu ana afadhali, halalamiki na hana harufu ya sigara. Tulicheka. Boliti zikalegea, bamba likatoka, na kicheko kikaisha.

Chini yake kulikuwa na rojo la asili, dada. Kipande cha upana wa sahani, rangi ya haradali, kikavu, hakijaguswa na maji ya kinamasi wala na sisi. Na mistari yake haikuwa ya mwiko. Ilikuwa ya vidole. Vidole vinne vilivyoburutwa kwa pamoja kutoka juu kwenda chini, kisha tena pembeni yake, kisha tena, na kila mara kidole cha nne kimeachwa nyuma kidogo kama mkono ulikuwa umechoka. Swantje akawasha taa yake ya kazini, ile ya kuvaa kichwani, akainama, halafu akasema polepole kwamba anaona michirizi ya ngozi.

Nilitazama nami kwa lenzi. Ilikuwepo. Miduara midogo ya ncha ya kidole cha mtu, kama ameiweka hapo asubuhi hiyo akaenda kunywa chai. Nimefika miaka hamsini na saba, nimeona vyuma vingi na makaratasi mengi, lakini sijawahi kusimama mbele ya kitu nikahisi udogo wangu namna ile. Brüggemann alivua kofia. Mzee Lampe, ambaye huwa anabishia hata saa ya ukutani, alikaa juu ya kreti akaomba naye apewe lenzi. Tulilizunguka, watu wazima na nguo zetu za kazi, hakuna aliyethubutu kugusa. Mwishowe Swantje aliuliza hii ni mikono ya nani, na wote wakageuka kunitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye majibu. Nilisema sijui.

Nilidanganya. Wewe ulituambia ni mikono ya nani. Uliingia kwenye mkutano wetu Machi 1983 na keki yako ya plamu, wiki moja baada ya kitabu changu kutoka, ukasikiliza ninavyojigamba kuhusu mwiko wa meno, kisha ukasema hapana. Ukasema kiangazi cha 1944 miko ilikuwa imekatika na mipya haikuja, na msimamizi akawaambia mtumie vidole. Ukasema aliyekuwa pembeni yako ni msichana aliyeletwa kwa nguvu kutoka Ukraine, Paraska, ambaye hakupewa hata glavu, na rojo lilimla ngozi mpaka ukachana aproni yako umfunge. Ulitaka jina lake liandikwe. Hilo tu ulitaka.

Na mimi mdogo wako nikakujibu mbele ya wanaume kumi na tano kwamba hakuna hati yoyote inayosema hivyo, na kwamba kumbukumbu za wanawake wa umri wako si ushahidi. Ulikuwa na miaka hamsini na sita. Walicheka, nami nikacheka nao. Ulichukua koti lako ukaenda zako. Juzi nilizifungua kumbukumbu za mkutano ule nione niliandika nini. Niliandika: Bi Irmtraud alileta keki. Basi.

Kama ingekuwa hivyo tu, ningekuomba radhi hapa nikafunga barua. Lakini kuna jambo ambalo hakuna anayelijua, hata Hedda. Tulipokitoa kifaru kinamasini, nilijitolea kukiosha peke yangu, siku za katikati ya wiki. Siku ya pili, kwenye bamba la nyuma, sanduku la vifaa lilikuwa limeoza likadondoka, na mahali pale matope yalipotoka niliona rojo. Mistari ya vidole, kama ulivyosema. Na katikati ya mistari hiyo, mkono mzima, kiganja na vidole vitano, umekandamizwa kwa makusudi. Aliyeuweka alitaka ubaki.

Nilijua papo hapo kwamba ulisema kweli. Na nilikuwa na kitabu madukani, na toleo la pili linakwenda mtamboni. Nilichukua tindo na nyundo. Kazi ile ilinichukua kama nusu saa, maana rojo lilikuwa limeshika vizuri. Unga wake niliufagia nikaumwaga kinamasini. Mkutano uliofuata niliwaambia kwamba nyuma hapakubaki kitu.

Jumamosi hii nitawaambia yote kama nilivyokuambia wewe, halafu nitaacha ukatibu. Nitawaomba niruhusiwe kulibandua lile rojo letu la uongo mwenyewe, hata kama itabidi meya aahirishiwe. Wakitaka kunifukuza chamani, watakuwa na haki. Kibao kitakachowekwa mbele ya kifaru bado hakijachongwa, na safari hii sitakiandika mimi. Nakuomba ukiandike wewe, kwa maneno yako, na jina la Paraska lote kama unalikumbuka.

Mkono ule niliuona mimi peke yangu, na sijausahau. Ulikuwa mdogo, na kidole cha mwisho kimepinda kidogo kwa ndani. Nimeuchora kwa ukubwa wake kadiri nilivyoweza, karatasi imo humu kwenye bahasha. Tafadhali weka mkono wako juu yake. Nataka kujua kama niliufuta wa Paraska, au wako.

Nisalimie majirani zako, na usiache dawa. Nikipata mstari mmoja kutoka kwako, hata wa matusi, nitashukuru.

Ni mimi mdogo wako,
Hartwig