Mtungi Umejaa na Twaiba Hanywi

Mpendwa mshauri, pokea salamu za mzee ambaye uvumilivu umemwishia, unisaidie kabla sijasema neno ambalo umri wangu hauniruhusu kulisema.

Mimi ni fundi cherehani wa Ukunda, na mtu wa kusoma, lakini si mzaliwa wa hapa. Nilitolewa Kiunga nikiwa mtoto wa kubebwa, wakati wa vita vya shifta, na mahali ilipokuwa nyumba yetu wanasema sasa ni msitu, hata kisima hakionekani. Basi nimekulia kwa watu, na aliyekulia kwa watu hujifunza kukaa vizuri, asipige kelele katika nyumba isiyo yake. Kijana aitwaye Swabir alipofungua kiwanda kidogo cha kushona sare za mahoteli ya Diani akaniomba niwasimamie mafundi wake wanawake, nilikubali, na mmoja wao ni Twaiba, mke wa mwanangu Iddi, ambaye kazi hiyo nilimwombea mimi.

Sasa sikiliza. Paa ni bati, dari hakuna, na madirisha yote yamepigiliwa misumari kwa sababu kitambaa cha hoteli ni cheupe na vumbi la barabarani halistahi mtu, na feni haziwashwi kwa sababu Swabir anasema zinapeperusha vipande vilivyokwisha kukatwa, kwa hiyo adhuhuri mle ndani ni tanuri, mwanamke mmoja aliangukia mashine yake tukampepea kwa kifuniko cha boksi la nyuzi, na choo kiko uani, kimetiwa kufuli kwa kuwa wapita njia walikuwa wakikichafua, ufunguo ninao mimi kwa vile Swabir alisema amana akae nayo mzee mwenye heshima zake. Nikaona madirisha ya mtu siwezi kuyabomoa lakini maji naweza, nikanunua mtungi na kata yake na kifuniko chake, nikauweka karibu na meza yangu, na kila asubuhi naujaza mwenyewe.

Mshauri, hawanywi. Jioni nafunua, umejaa vilevile, maji namwagia mchicha. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali. Siku moja Sidi, mwanamke wa Kinango mwenye ulimi mwepesi, alinijibu bila kuinua uso kwenye cherehani, "Baba, maji kuingia si kazi. Kazi ni yakitaka kutoka." Wenzake wakacheka mpaka nyuzi zikakatika, Twaiba akajifunika uso kwa mtandio, nami nikaona nimevunjiwa heshima.

Mwezi uliopita Twaiba alishikwa na homa na maumivu ya kiuno, Iddi akampeleka hospitali Msambweni, daktari akasema ni figo, huyu anajinyima maji na kujizuia haja mchana kutwa, na akiendelea hivi huenda figo zisipone. Nilipandwa na hasira. Ijumaa, Swabir alipotuletea pilau kama ilivyo desturi yake, nikamwambia mbele ya wote kwamba joto litamuulia watu. Akaweka sahani chini, akawageukia kwa adabu: "Mama zangu, dada zangu, kuna mwenye shida?"

"Hatuna neno, tajiri." Wote, na Twaiba naye. Sidi akaongeza, "Pilau imekolea bizari."

Jumatatu yake huyohuyo Sidi ananijia: "Baba, tusemee, tunakufa kwa joto."

Iddi anataka mkewe aache kazi. Twaiba hataki, amemwambia mama Iddi kwamba cherehani ndicho kitu pekee duniani anachokijua kuliko mumewe. Nimlazimishe kunywa? Nimrudishe nyumbani? Au niwaachie wote kazi yao na ukimya wao?

Athmani, Ukunda

*

Bi Jumwa anajibu:

Mzee wangu Athmani, shikamoo. Nakuamkia mapema, maana yanayofuata hayatafanana na maamkizi.

Una haki ya kuchoka. Kuwasemea watu kisha wakakuacha umesimama peke yako kunauma, na aliyetolewa kwao utotoni kunamuuma zaidi. Lakini isome barua yako tena. Madirisha umeyaeleza, feni umezieleza, mtungi umenipa mpaka kata yake. Ufunguo umeutaja mara moja, ukapita.

Uko mfukoni mwa nani? Twaiba ni mkaza mwanao. Nyumbani ukikohoa tu ukumbini anajitanda. Jina lako halitamki. Chai yako anaipitishia kwa mama Iddi. Ulitaka mtu huyo asimame mbele ya wenzake, akunyooshee mkono, akuambie kwamba anakwenda chooni? Kisha arudi tena alasiri? Ameona afadhali figo. Na hao wengine nao wanakuita baba. Sidi alikueleza kwa maneno ya mtoto kuyaelewa, ukayahesabu kuwa utovu wa adabu. Msomi mzima wewe. Na mtungi ukauweka karibu na meza yako, ili kila anayekunywa umwone.

Usimlazimishe Twaiba kunywa na usimrudishe nyumbani. Wala usiache kazi. Ukiondoka, ufunguo atapewa mzee mwingine. Kesho asubuhi ufunguo utoke mfukoni mwako, utundikwe upande wa wanawake, auchukue anayeutaka bila kumwomba mtu, na mlango utiwe komeo kwa ndani. Mtungi uhamie mwisho wa chumba, nyuma ya mgongo wako. Usihutubie, usiombe radhi hadharani, utamwaibisha Twaiba mara ya pili. Mama Iddi amwambie maneno mawili jikoni, yatatosha.

Swabir naye ana yake. Lakini mtu hamlalamikii mwenye pilau mkono ukiwa bado sahanini, na wewe uliyekulia kwa watu ulipaswa kulijua hilo kuliko sisi sote. Chagueni siku ya kazi, jua likiwa kali, aitwe asimame mle ndani mpaka shati limlowe. Sidi aanze, kila mmoja aseme lake, wewe uwe wa mwisho. Hapo uufungue ufundi wako: dirisha la upande usio na barabara lifunguliwe litiwe wavu, vipande vikandamizwe kwa vyuma, feni ziwashwe. Akikataa, mkumbusheni kwamba hewa, maji na choo si hisani ya tajiri, ni sheria, na ofisi ya leba iko wazi. Huko pia mwende pamoja.

Kisha rudi kwenye meza yako, utazame kazi. Ukiukuta mtungi mtupu kabla ya adhuhuri, usiulize nani amekunywa. Ujaze.