Kopo la Daku

Mdogo wangu Hamisi,

Assalam aleikum. Waonaje hali huko Chaani? Magoti ya Mama yamepata nafuu? Mimi mwili mzima, roho ndiyo sina. Barua hii naitia ndani ya sanduku la nguo za Bakari, yule kijana wa Utange niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja hapa Doha. Bakari hayuko tena. Tulimzika huku huku Ijumaa.

Ramadhani ilipoingia, akalalamika kuwa saumu yamshinda na kazi hii ya kushusha saruji. Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia, "We, achana na uji na maji. Wakati wa daku piga makopo mawili ya enaji, kile kinywaji cha kuondoa usingizi, hutahisi kitu." Akacheka, akanifuata. Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, akaniambia, "Kaka, moyo wanipiga mpaka masikioni." Nikamjibu ni kiu tu, avumilie. Alianguka na mfuko begani.

Daktari aliuliza alikunywa nini. Nikajitetea, mbona Baba ameuza kahawa Likoni miaka yote na wazee wanainywa, wako wazima? Akasema kahawa nayo ikizidi hudhuru, maana kinachomnyima mtu usingizi ni kitu hicho hicho. Lakini nani atabugia dele zima la kahawa ya moto kwa mkupuo? Kikombe cha Baba ni mafunda matatu, wanywa na tende, waongea. Kopo ni baridi, tamu, lashuka lote, la pili lafuata. Kisha kutwa huna tone la maji tumboni na wabeba mizigo. Daktari hakuapa kuwa ndicho kilichomuua. Alisema huenda moyo wake ulikuwa na kasoro tangu zamani. Sasa Hamisi, mimi na wewe nani katupima mioyo?

Nawe waendesha lori la makontena mpaka Malaba, umefunga. Makopo hayo nilikufundisha mimi, kabla sijasafiri, nikikucheka kwamba kahawa ni ya wazee. Nimekosa, ndugu yangu, nisamehe. Daku kula, unywe maji. Usingizi ukikushika, egesha ulale, mwenye lori na agombe.

Sanduku atalileta ami yake Bakari, anayerudi huko. Mfuatane mpaka Utange kwa mamake. Mwambie nitampigia mwenyewe, nimweleze nilichomshauri mwanawe. Naogopa, wallahi, lakini nitamwambia.

Mama mpe shikamoo yangu. Baba mwambie dele lake silicheki tena. Shemeji, mkeo, msalimie, na umsomee barua hii yote, usiruke kitu.

Jana nimeisikiliza tena ile sauti uliyonirekodia ukiwa njiani. Kabla hujanisalimia, kopo lafunguka, chwaa. Nimeirudia mara nyingi nikijiambia ni soda. Tangu uitume nakupigia hupatikani. Mama asema ni mtandao wa njiani.

Ukiipata hii, usinijibu kwa barua. Nipigie, hata usiseme neno, nikusikie tu wapumua.

Kakako,
Salim