Jiwe la Saba Lilikuwa Limegeuka

Mama Zakaria,

Ni mimi mumeo. Naandika kwa penseli ile ya ngumbaru. Wewe uliacha kisomo ulipojua kuandika jina lako tu. Mimi nilimaliza, na mwalimu akasema mbele ya watu wazima wote kwamba kichwa changu hakina kutu. Kwa hiyo barua hii ni ya mtu aliyesoma.

Habari za hapa Mbuba ni nzuri. Maharage yako nimeyapalilia mwenyewe, yamezaa kuliko ya mke wa balozi wa nyumba kumi. Ugali napika. Umeungua mara mbili, nikaula.

Vita vimekwisha. Redio imesema, na mstari wetu wote wa nyumba ulisikia kwa sababu ya sanduku langu. Unalijua, lakini acha nilieleze, maana kijiji cha pili wameanza kusema ni akili yao.

Zakaria alipochukuliwa na mgambo kwenda vitani, mawe ya redio, hizo betri, yakaisha katika duka la kijiji. Watu wakatupa redio zao juu ya dari. Mimi nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba mawe yaliyokufa. Walicheka. Nikapata kumi na mawili. Nikapasua mianzi, nikayapanga ndani kichwa kwa kitako, nikaunga na waya na vipande vya kopo la maziwa, nikaweka vyote katika sanduku la sabuni lenye mkanda wa katani. Asubuhi nayatoa nayaanika juani, jioni nayarudisha. Jua linayapa nguvu kidogo, na kidogo mara kumi na mbili si kidogo. Wewe ulisema, "Baba Zakaria, umeanika mawe kwenye ungo wangu kama dagaa! Leo tutayala na nini?" Lakini redio iliposema, ulivuta kigoda ukakaa karibu. Nikalibeba begani hadi shamba la kijiji, watu wakalima wanasikiliza vita. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, akili hii umeitoa wapi?" Nikamwambia, kichwani.

Wewe ulikuwa unangoja kitu kimoja tu, salamu za askari za Jumamosi redioni. Zakaria ulimwogopea miguu. Ulisema, risasi Mungu atazizuia, lakini miguu mikubwa ile serikali itaitolea wapi viatu?

Sasa niandike lililonifanya nishike penseli.

Jumamosi ile ulikuwa na homa siku ya tatu. Niliyapanga mawe mbele ya kitanda chako. Redio haikusema. Ukaniambia, "Fungua uangalie. Moja umeligeuza, nimekuona." Nikakujibu, "Kati ya mimi na wewe fundi ni nani?" Nikasema ni mawingu. Jumapili jua likawaka. Ukaniambia tena, sauti ikiwa ndogo, "Fungua tu." Nikasema redio ya serikali yenyewe imeharibika huko Dar es Salaam. Nilisema hivyo. Uligeukia ukutani. Jumatatu ukafa.

Tulikuzika pale penye migomba, upande usiotuama maji. Watu walikuja wengi.

Siku ya tatu ya matanga akafika kaka yako kutoka Mugoma kwa miguu. Alikuwa hajapata habari za msiba. Alikuja anacheka. Akaniita toka njiani, "Shemeji! Jumamosi mlimsikia?" Kisha akaona watu wamekaa chini, akavua kofia.

Walipoondoka nikafungua sanduku. Nikahesabu kwa kidole. La saba lilikuwa limegeuka. Nikaligeuza. Redio ikasema hapo hapo, wanaimba kwaya. Nikaizima, maana ni matanga.

Sijamwambia mtu. Kaka yako alipouliza kwa nini hatukusikia, nikasema mawingu.

Kwenye kila mwanzi nimechora alama ya kichwa na kitako, asiye na macho pia atapanga sawa. Watu wanasifu alama hizo. Nawaacha wasifu.

Zakaria hajarudi. Wanasema wanarudishwa kwa makundi. Akifika atauliza kama mama alizisikia salamu zake. Nakuahidi sitamwambia mawingu, wala Dar es Salaam. Nitamfungulia sanduku, nitamwonyesha la saba, nitasema baba yako aliambiwa mara mbili afungue, akakataa. Unajua neno hilo kwangu lina uzito gani. Hujawahi kulisikia kwangu miaka yote.

Penseli inakwisha. Barua hii naiweka chini ya jiwe la kichwani kwako, jiwe la mtoni, si la redio. Lala vizuri, mama. Migomba nitaitunza, na ungo wako nimeuosha.

Salamu zako zimechelewa mkononi mwangu. Nazileta kama kaka yako alivyozisikia: Zakaria anamsalimu mama yake wa Mbuba, Ngara. Ni mzima. Mama asiwe na wasiwasi, viatu vimemtosha.

Mumeo,
Baba Zakaria